Udongo wa Nyuma ya Jiko

11 Februari

Shikamoo Baba mdogo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, Mama mdogo na kuku wake wote, maana najua nikiwasahau kuku nimemsahau na yeye. Huku hatujambo. Mwanangu ameota meno mawili ya chini na anang'ata kila kinachomkaribia, hata kamba ya kitambulisho changu cha kazini. Mume wangu anasema huyo amerithi upande wetu, watu tusioachia kitu.

Mifuko ya Januari ilifika salama. Utingo wa basi alinikabidhi boksi mwenyewe, akaniambia, "Dada, mizigo ya watu ni nguo na viatu, wewe unaletewa mchanga." Nilipofungua mfuko wa kituo cha juu, harufu ya msitu ilijaa maabara nzima, mpaka Bosi akatoka ofisini kuuliza nani kaleta uyoga. Nikajibu kwa kujidai, "Ni udongo wa baba yangu mdogo." Nikamkumbusha kwamba nyumbani tunakuita Ramani, kwamba umeulinda msitu ule mpaka ukastaafu, na kwamba unaweza kuupita umefumba macho. Ndivyo nilivyokuombea kazi hii ya kuchimba, na sasa hata yeye anakuita Ramani.

Uliniuliza kwa nini tunahangaika na udongo wakati miti ndiyo inayoonekana. Ni hivi. Mti unavuta hewa, unatoa humo kaboni na kuijengea shina, matawi na majani. Jani likianguka, uyoga na wadudu wanalila. Sehemu ya kaboni inarudi hewani, na sehemu inashuka na kung'ang'ania kwenye udongo, inakaa humo miaka na miaka. Ndiyo maana udongo wa msitu mzee ni mweusi. Ukikata miti, jua linaupiga, wadudu wanakula harakaharaka, na akiba yote ile inapaa kidogokidogo bila mtu kuiona.

Sasa kamati ya msitu itakaa mwishoni mwa Septemba. Wapo wanaotaka msitu wa juu ukatwe, ipandwe misonobari kama ile ya kule chini, eti miti mizee imeshaacha kufanya kazi. Vipimo vyetu ndivyo vitakavyosema. Tunataka udongo wa mara tatu kutoka vituo vilevile: huo wa kiangazi ulioleta, wa mwanzo wa mvua, na wa baada ya mvua. Msitu uko mikononi mwako, Baba mdogo, na jina langu pia.

Panda siku moja kwenye jiwe la mtandao unipigie, nimeikumbuka sauti yako.

Mwanao,
Kiherehere wako

*

2 Machi

Marahaba Kiherehere,

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Huyo mtoto mpe mfupa wa kung'ata, aachane na kamba za serikali. Mama yako mdogo anakusalimu, na kuku wanakusalimu. Yule mwekundu asiye na mkia kafanya kioja. Kataga ndani ya buti langu la kazi! Nimeingiza mguu asubuhi, nikasikia kitu kinapasuka, baridi mpaka kwenye vidole. Mama yako mdogo akacheka hadi akakaa chini, kisha akalilia yai lake. Mguu wangu hakuuuliza.

Huyo Bosi mwambie Ramani anamshukuru. Na hao wanaosema miti mizee haifanyi kazi, waambie waje waniambie mimi usoni. Mzee ni mzee, lakini wakitaka kivuli wanakwenda kwa nani?

Udongo wa mvua za kwanza huu hapa. Vituo vyote, kama ulivyoandika kwenye mifuko. Njia ilikuwa na utelezi, lakini mimi na msitu ule tunajuana. Mama yako mdogo siku hizi anataka kila niendapo nifuatane na mtu. Mimi wa kushikwa mkono! Nimemwambia angoje nife kwanza, ndipo anibebe.

Simu imeharibika kidogo. Tuandikiane tu, barua ina heshima yake.

Ni mimi,
Baba yako mdogo

*

19 Aprili

Shikamoo Baba mdogo,

Samahani kwa kuchelewa. Mashine yetu ya kuchomea sampuli iliharibika, fundi akaja, akaiharibu zaidi, akaja mwingine. Mtoto alipata homa lakini sasa anatambaa, hakamatiki. Pole kwa buti. Nilimsomea mume wangu ile habari, akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Nina jambo la kuuliza, na kuuliza si ujinga. Ni kuhusu mifuko ya Machi.

Huwa tunaanika udongo, tunauchekecha, kisha tunapima kaboni na nitrojeni. Nitrojeni ndiyo inayofanya jani liwe kijani. Hewani imejaa tele, lakini mti hauwezi kuichukua huko, ni kama mtu mwenye njaa aliyewekewa chungu chenye mfuniko mzito. Wapo vijidudu fulani wanaoishi kwenye mizizi ya baadhi ya miti, hao ndio wanaoinua mfuniko. Msitu ukishaipata hauiachii. Jani linaanguka, linaoza, mizizi inaichukua tena, inapanda, inaanguka, mwaka hata mwaka ni hiyohiyo inayozungushwa. Kwa hiyo udongo wa msitu wetu una kaboni nyingi sana, na nitrojeni ya kadiri yake. Ile ya Januari ilikuwa hivyohivyo.

Ya Machi imekuja kinyume. Kaboni haba, nitrojeni imezidi, kama udongo uliotiwa samadi. Na vituo vyote vimefanana, cha juu na cha chini, kama ndugu wa tumbo moja. Kwenye chekecheo nilikuta pia vipande vyeupe vyembamba, kama ganda la yai. Nikasema labda ni la ndege wa msituni.

Nimewaza pia kwamba huenda boksi lilikaa kwenye basi karibu na magunia ya mbolea. Inawezekana, Baba mdogo? Nijibu tu nijue la kuandika. Bosi bado sijamwambia kitu.

Msalimie Mama mdogo sana.

Mwanao,
Kiherehere

*

6 Mei

Marahaba mwanangu,

Poleni kwa homa ya mtoto. Akianza kutambaa, fungeni milango. Huku mvua imetupa haki yetu. Harusi ya ng'ambo ya kilima sikwenda, magoti. Mama yako mdogo alikwenda peke yake, akarudi na habari za kila mtu alivyovaa, mpaka nikajiona nami nilikuwepo.

Kuhusu udongo, umesema kweli kabisa! Ni mbolea ya kwenye basi. Utingo yule hana adabu, anapakia kitu chochote juu ya kitu chochote. Na ganda ni la ndege, umepatia, wako wengi mwaka huu. Una akili, Kiherehere, hukuipoteza ada.

Udongo wa mara ya tatu huu hapa, nimeufunga mifuko miwilimiwili ili usidhurike. Najua utasema bado mapema, mvua haijakatika, lakini liwezekanalo leo lisingoje kesho. Na kwa kuwa ninyi watu wa maabara hamwamini mpaka mshike, safari hii nimekutilia na majani yaliyoanguka chini ya miti, konzi moja kila mfuko. Hapo sasa nani atasema Ramani hakufika?

Usimsumbue Bosi kwa mambo madogo.

Ni mimi,
Baba yako mdogo

*

3 Julai

Shikamoo Baba mdogo,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Mume wangu ameona karatasi kwenye kapu akauliza kama namwandikia mwanamume mwingine. Nikamwambia ndiyo, ni baba yangu.

Mtoto amesimama. Kazini hatujambo. Mama mdogo nimemtumia kanga kwa utingo huyohuyo asiye na adabu, naomba zimfikie.

Majani nimeyaona. Niliyamwaga mezani mbele ya wenzangu wawili wa maabara. Majani mapana, mazito, yenye kung'aa, jani ukilivunja linanukia kidogo. Mwenzangu mmoja akauliza, "Huu ni mti gani wa msituni?" Nikasema sijui. Baba mdogo, nimekaa juu ya ule mparachichi wa nyuma ya jiko lenu utoto wangu wote. Nilianguka kutoka humo, kovu bado ninalo kwenye kidevu. Wewe ndiye uliyenibeba. Na mimi nikasimama mbele ya watu nikasema sijui ni mti gani. Masikio yaliniwaka moto.

Sitaki kusema zaidi, wewe ni baba yangu na mimi sina mdomo wa kukuuliza la pili. Lakini kimya kimenishinda pia. Bosi aliponiuliza majibu ya Machi na Mei yako wapi, nilimwambia maboksi yote mawili yalinyeshewa, mifuko ikalowa. Sijawahi kumdanganya mtu yule. Ananiamini mpaka funguo za stoo ninakaa nazo mimi. Sasa nikisikia viatu vyake kwenye korido, najitia kusoma kitu.

Na kamati ndiyo hiyo, Septemba inakuja. Nikipeleka namba hizi zilivyo, msitu wa juu utaonekana hauna chochote ardhini, sawa na uwanja wa nyumba. Wataukata, na watakuwa na karatasi ya kuonyesha. Karatasi iliyotoka kwangu na kwako.

Kama umechoka, niambie umechoka. Kama njia imekuwa mbaya, niambie. Udongo wa kweli unaweza kupatikana bado, mvua zimekwisha juzi tu. Neno moja linatosha.

Mwanao

*

20 Agosti

Kwako,

Barua yako nimeipata zamani.

Mimi nimelinda msitu ule wewe hujazaliwa. Sikujua kwamba ulinitafutia kazi ili unichunguze kwa mashine. Siku hizi mtoto anakaa mezani na wenzake anachambua majani ya baba yake, wanacheka.

Kazi yako nakuachia. Tafuta kijana mwenye miguu. Mifuko iliyobaki nimempa Mama yako mdogo awekee mbegu.

Kanga zimefika.

Baba yako mdogo

*

29 Agosti

Shikamoo Baba mdogo,

Hakuna aliyecheka. Nakuapia. Nilikosea sana kuandika habari ya wenzangu. Nilitaka uone aibu yangu, badala yake nikakupa na wewe. Nisamehe.

Leo sina habari za mtoto, yu mzima, basi. Nina mambo mawili tu.

La kwanza, nimekwenda kwa Bosi. Nilibisha hodi, nikasimama kama mwanafunzi, nikamwambia maboksi hayakunyeshewa, nilisema uwongo, na udongo wa mara mbili hautoki msituni. Aliniuliza unatoka wapi. Nikamwambia nyuma ya jiko. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Afadhali angenifokea! Alisema tu, "Wewe? Wewe mwenyewe?" Funguo za stoo niliziweka mezani kwake, naye hakunirudishia. Ninakuandikia hili si ili unihurumie. Nimeandika ili ujue kwamba uwongo uliokuwa unatufunga sote wawili, kamba ya upande wangu nimeshaikata.

Kisha akauliza jambo ambalo mimi, na kiherehere changu chote, sikuwahi kuliuliza. Alisema, "Mtu anayeitwa Ramani, ameupita msitu umri wake mzima, kwa nini ashindwe kufika?"

Ndilo la pili. Nilirudi nyumbani nikazisoma barua zako zote upya. Hupandi tena kwenye jiwe la mtandao. Buti lako kuku anatagia, buti linalovaliwa kila siku kuku halitagii. Harusi hukwenda. Mama mdogo anataka ufuatane na mtu. Yote ulikuwa unaniambia, na mimi nikahesabu nitrojeni.

Siulizi udongo tena. Kama kamati itaukata msitu, ukatwe. Nakuuliza wewe. Una nini, Baba mdogo?

Mwanao

*

12 Septemba

Marahaba mwanangu, marahaba, tena marahaba.

Sisi wazima wa mwili. Mama yako mdogo anakusalimu, amekaa hapa karibu yangu anachambua maharage, na amesema nisipoandika leo ataandika yeye. Unamjua, ataanzia siku ya posa. Bora niandike mwenyewe.

Mwisho wa Februari, mvua za kwanza ziliponyesha, nilichukua jembe na mifuko yako nikapanda. Asubuhi njema kabisa. Nikapita kwenye kijito, nikapita kwenye njia panda niliyoichonga mwenyewe kwa panga. Nikafika mahali nikasimama. Mwanangu, sikujua niko wapi. Sikupotea kama watu wanavyopotea, kwamba umekosa kona ukarudi. Miti ilikuwa palepale, naiona, naijua kwa majina, lakini haikuniambia chochote. Ni kama kuingia chumba chako mwenyewe ukakuta kila kitu ni cha mtu mwingine. Nikatembea. Nikatembea tena. Nikaanza kumwita mama yangu, mimi, mzee mwenye mvi.

Walionikuta ni wanawake watatu waliokwenda kuokota kuni. Walinishika mkono. Walinipitisha katikati ya sokoni mchana kweupe, jembe langu amebeba mmoja wao juu ya mzigo wake wa kuni, na kila aliyeuliza "Ramani ana nini?" walimjibu kwa upole, "Amechoka kidogo." Upole ule ndio ulioniua. Wangenicheka ningewatukana, ingekwisha.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki vizuri babu yako alivyomaliza. Tuliwaambia watu anapenda kupumzika. Ukweli ni kwamba mimi na baba yako tulikuwa tunamfungia mlango kwa nje, maana akitoka harudi. Alikuwa anagonga. Anaita majina yetu, mara nyingine kwa mpangilio, mara nyingine anachanganya. Mimi ndiye niliyetia komeo. Tangu siku ile ya Februari, kila nikisahau mahali nilipoweka kikombe, nasikia kule kugonga.

Ndiyo sababu. Niliogopa kupanda, na niliogopa zaidi mtu kujua kwamba naogopa. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi, na yangu ilikuwa fupi kweli: kutoka jikoni mpaka kwenye banda la kuku. Nikachimba pale, nikaandika "kituo cha juu" kwa mkono huu huu. Na yale majani, Kiherehere, kukuambia ukweli, nilipoyaokota sikuona kwamba ni ya mparachichi. Niliona majani tu. Uliponiandikia ndipo nilipotoka nikautazama ule mti, na hapo ndipo hasira ilipotoka. Sikuwa na hasira na wewe. Nisamehe kwa barua ile. Mtoto niliyembeba alipoanguka hawezi kunicheka.

Ulipoandika kwamba umesimama mbele ya Bosi, nilishindwa kula. Mama yako mdogo akaichomoa ile barua mkononi mwangu, akaisoma. Kumbe alikuwa anajua ya Februari tangu siku hiyohiyo, wanawake wa kuni ni wa chama chake. Miezi yote hii alikuwa ananitunzia uso wangu. Alisema neno moja tu, "Mficha uchi hazai. Vaa buti."

Tukapanda wote wawili. Yeye nyuma, mimi mbele. Mara mbili nilichukua njia siyo, akakohoa. Nami nikageuka kama niliyetaka kugeuka. Tukifika kituoni, mikono yangu ilijua kazi. Unaondoa majani, unachimba kiasi cha shubiri, unachukua wa juu, unachukua wa chini. Mikono haijasahau kitu. Pale kituo cha juu kuna mti ulioanguka, umeoza umekuwa kama keki, na juu yake imeota miche midogo imejipanga mstari. Nilikaa hapo nikalia, na mama yako mdogo akajitia anaangalia ndege.

Udongo huu hapa. Unusie kwanza kabla ya mashine. Kama umechelewa, umechelewa, lakini ni wa kweli.

Ni mimi, Baba yako mdogo,
zamani Ramani

*

10 Oktoba

Shikamoo Baba mdogo,

Mtoto amepiga hatua yake ya kwanza, akaanguka, akatutazama kama sisi ndio tuliomsukuma. Mama mdogo mshike miguu kwa niaba yangu.

Nilinusa kabla ya mashine. Nilifunga mlango wa maabara, nikafungua mfuko wa kituo cha juu, nikaweka uso ndani kama mwendawazimu. Nilikuwa nimejiambia sitalia kazini.

Nimepima mara mbili, na Bosi akapima mwenyewe mara ya tatu, kwa haki kabisa, maana neno langu sasa linahitaji shahidi. Kaboni imerudi kama ile ya Januari, hata imezidi kidogo. Nitrojeni iko mahali pake. Msitu wa juu umebeba kaboni ardhini zaidi kuliko miti yake iliyosimama, na kuliko ile misonobari ya chini kwa mbali. Miti mizee haijaacha kazi. Inafanya polepole, chini, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Nilikwenda mwenyewe mbele ya kamati. Niliwaambia kwamba vipimo vya kati havipo kwa sababu ya makosa ya maabara, na mkosaji ni mimi. Jina lako sikulitaja, na usiniulize kama nilifanya vyema. Mjumbe mmoja akasema, "Kwa hiyo tukuamini mara hii kwa nini?" Nikatazama chini. Nilistahili. Bosi ndiye aliyejibu.

Hawakukataa na hawakukubali. Wamesema msitu usiguswe mwaka mmoja, upimwe upya kuanzia kiangazi, mara tatu zote, bila pengo. Tukikosa hata moja, wanakata.

Bosi aliniambia nitafute mchimbaji mwingine. Nikamwambia ninaye yuleyule. Akanitazama. Nikamwambia safari hii sitamdhamini kwa maneno, nitachukua likizo Januari nije nitembee nyuma yake. Funguo za stoo bado anakaa nazo. Lakini likizo amenipa.

Na lile la babu. Baba mdogo, nisikilize. Hakuna mlango utakaofungwa. Hilo halihitaji mashine.

Mwanao,
Kiherehere

*

30 Oktoba

Marahaba mwanangu,

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Mama yako mdogo anakusalimu, kuku pia. Sijakuambia kioja cha yule mwekundu asiye na mkia? Kataga ndani ya buti langu la kazi! Nimeingiza mguu asubuhi, nikasikia kitu kinapasuka, baridi mpaka kwenye vidole. Mama yako mdogo akacheka hadi akakaa chini, kisha akalilia yai lake. Mwambie mumeo, najua atacheka.

Habari ya kamati imenifurahisha na imenitia aibu kwa pamoja. Umebeba mzigo wangu mbele ya watu. Siwezi kuurudisha, lakini ninaweza kufika kituoni mara tatu. Hilo nimekuahidi, na nimemwambia mama yako mdogo anikumbushe kwamba nimeahidi.

Januari njoo. Ukishuka kwenye basi usiulize njia. Tangu mlango wa jikoni mpaka kituo cha juu tumefunga vitambaa vyekundu kwenye miti, kimoja ukikiacha unakiona cha pili. Ni zile kanga ulizotuma, mama yako mdogo alizichana mwenyewe, hakubakiza hata ya kujifunga. Watu wanauliza ni vya nini. Anawaambia ni vya mradi, watu wa maabara wameagiza.

Ukifika wakikuuliza, nawe sema ni vya mradi.

Baba yako mdogo